Bata Anaharisha: Kagua Kinyesi, Mtaro na Gunia Kabla ya Dawa

Bata akiugua tumbo, wengi wetu hapa Lamu tuna njia moja tu. Tunanunua pakiti ya antibiotiki, tunaimimina kwenye maji ya kundi zima, kisha tunangoja. Akipona, sifa zote zinakwenda kwa dawa. Akifa, tunasema ilikuwa siku yake. Lakini tumbo la bata wa mji huu mara nyingi huharibiwa na vitu ambavyo hakuna antibiotiki itakayoviondoa: msumari aliouokota kwenye mtaro, mahindi yaliyoota ukungu, maji ya kisima yaliyokwisha kuingia chumvi. Maelezo haya ni ya mwenye bata wawili watatu uani, anayewaita kwa majina na asiyetaka kuwapoteza. Anza na dalili unayoiona, kisha ufuate sababu zake.

KWANZA, KINYESI CHA BATA ASIYEUMWA

Bata hunywa maji mengi kuliko kuku, kwa hiyo kinyesi chake ni chepesi siku zote. Uji wa kahawia au wa kijani iliyofifia, wenye weupe kidogo juu yake, ni kawaida. Ule weupe ndio mkojo wake. Mara chache kwa siku hutoa kinyesi cha namna nyingine, cha kahawia iliyokolea, kinachonata na kunuka vibaya. Nacho ni cha kawaida. Aliyekula mchicha atatoa kijani. Jike anayeatamia hujizuia muda mrefu, na akishuka kwenye mayai hutoa bonge kubwa lenye uvundo wa kufukuza watu uani. Mwache, haumwi.

Cha kukushtua ni damu, kijani kikali kinachong'aa, njano yenye povu, weupe mtupu, au maji matupu yanayoendelea kwa zaidi ya siku moja. Shtuka zaidi ukiona hayo pamoja na bata aliyevimbisha manyoya, anayebaki nyuma wenzake wakikimbilia chakula, au asiyetaka kuingia majini. Bata huficha ugonjwa. Ukimwona amejikunyata mchana kweupe, jua ameanza kuumwa kabla ya leo.

Usiku tandika gunia safi au magazeti mahali anapolala. Asubuhi utasoma kinyesi cha kila mmoja bila kubahatisha, kwa kuwa bata hupenda kulala pale pale. Na uwe na desturi ya kumshika kidari. Mfupa wa katikati ukianza kuchomoza na nyama ya pembeni kubonyea, amekonda, hata kama manyoya yanakudanganya. Mizani ya jikoni ni bora zaidi. Mpime angali mzima ili uwe na cha kulinganisha.

HUDUMA YA KWANZA, KWA UGONJWA WOWOTE

Mtenge. Tenga kubwa au boksi lenye matundu linatosha, liwekwe kivulini pasipo na upepo wa moja kwa moja, lakini akiwasikia wenzake, maana bata aliye peke yake huacha kula kwa upweke. Mpe maji matamu, safi, yenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo na matundu ya pua. Maji ya kuogelea yaondoe. Bata dhaifu huzama.

Anayeharisha hukaukiwa haraka kwa joto letu. Pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, ile ya watoto, inamfaa: ichanganye kama ilivyoandikwa, mwekee kwa saa chache, kisha mrudishie maji ya kawaida. Usipoipata, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Dafu watu hulipenda kwa kazi hii, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya mchanganyiko huo.

Usimmiminie maji kooni. Tundu la pumzi la bata liko nyuma kidogo ya shina la ulimi, na ukimimina kwa nguvu utayapeleka mapafuni. Chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji, au dondoshea matone pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, umngoje ameze.

KIJANI KIKALI, NA ANAKONDA

Rangi hii ni ya nyongo. Maana yake ya kwanza ni kwamba tumboni hamna chakula: bata hajala, na nyongo inatoka peke yake. Kwa hiyo kijani hakikuambii ugonjwa, kinakuambia uulize kwa nini hali chakula.

Sababu ambayo ningeitafuta kwanza katika mji wa mashua ni madini aliyoyameza. Bata huchota matope kwa mdomo na kuyachuja, na akikutana na kitu kigumu kidogo humeza akidhani ni changarawe ya kusagia chakula. Kwenye mitaro yetu na ufuoni mashua zinakotengenezwa, changarawe hiyo huwa ni kipande cha msumari, waya wa mabati, ganda la betri, au chubwi ya mshipi. Chubwi ni madini ya risasi, na risasi ndiyo mbaya kuliko zote. Inakaa ndani ya firigisi, inasagwa na mawe, na kila siku inaingia damuni kidogo kidogo.

Nimeona firigisi ya bata wa jirani aliyekufa hivyo. Ngozi ngumu ya ndani, ambayo kwa kawaida ni ya manjano iliyofifia, ilikuwa imetiwa kijani cha nyongo yote. Katikati ya mchanga palikuwa na kidonge cha chubwi kilicholika upande mmoja hadi kikawa bapa, kidogo kuliko punje ya mbaazi. Kidogo kile kilimwua bata wa kilo tatu.

Dalili zake huja polepole: kinyesi cha kijani kibichi, kukonda ingawa chakula kipo, mabawa kuning'inia, kutembea kwa kuyumba, baadaye shingo kulegea. Nyumbani huwezi kukitoa kipande hicho. Daktari wa mifugo anaweza kutoa dawa ya kuikamata risasi ndani ya damu, na picha ya eksirei huonyesha kipande wazi. Unachoweza wewe ni kuwahi. Na kuzuia: ikiwa nyumba yenu ina mvuvi, machubwi na ndoana yasikae sakafuni, na anayepigilia misumari uani afagie kwa sumaku.

Kijani kikali chaweza pia kuwa cha maambukizi, kama kipindupindu cha ndege kinacholetwa na bakteria wa pasturela. Tofauti iko kwenye mwendo. Madini hukondesha kwa siku nyingi na kwa kawaida humpata mmoja au wawili. Kipindupindu huja na homa, makamasi mdomoni na kupumua kwa shida, na mara nyingine unaamka kukuta bata mnene amekufa bila kuonyesha chochote. Hapo ndipo antibiotiki ina kazi, na hapo ndipo inahitajika upesi.

SHINGO IMELEGEA, MIGUU HAIMBEBI

"Ami, bata wangu hataki kusimama." Ukiitwa hivyo na mtoto wa jirani wakati wa kaskazi, joto likiwa kali na mtaro umekauka nusu, fikiria sumu ya botulini kabla ya jambo lolote.

Sumu hii hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa: majani yanayooza, samaki waliotupwa, mzoga wa panya. Funza walio juu ya mzoga huikusanya mwilini bila wao kudhurika, na bata hupenda funza. Baada ya saa chache hadi siku mbili tatu miguu hulegea, kisha mabawa, kisha shingo. Kope la ndani huwa zito. Kuharisha huweza kuwapo au kukosekana. Bata huwa bado ana nyama nzuri kidarini, na hii ndiyo alama inayoitenga na risasi: mwenye risasi amekonda, mwenye botulini amelegea akiwa mnene.

Hufa kwa kushindwa kupumua au kwa kuzama ndani ya beseni la kina kidogo kwa sababu hawezi kuinua kichwa. Mkunjie taulo chini ya shingo, kichwa kikae juu ya mwili. Mpe maji kwa matone kila mara, maadamu anaweza kumeza. Mkaa maalumu wa dawa unaouzwa kwenye famasia huweza kushika sumu iliyobaki tumboni. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Daktari akipatikana aulizwe juu ya chumvi ya haluli ya kusafisha utumbo. Dawa ya kupinga sumu yenyewe ipo duniani ingawa kwetu ni nadra. Anayevuka siku mbili za kwanza ana matumaini mazuri, na uzima wake utategemea uvumilivu wa mikono yako.

Kisha nenda ukautafute mzoga. Upo. Angalia chini ya karo, nyuma ya tangi, kwenye mtaro ulioziba. Usipouondoa na kuuzika, kesho ataanguka mwingine.

GOLE LIMEJAA NA HALISHUKI

Bata hana gole la mviringo kama la kuku. Koo lake hutanuka tu juu ya kifua. Mpapase asubuhi kabla hajala. Pakiwa patupu, sawa. Pakiwa pagumu, amekwama: majani marefu, kamba ya nailoni, kipande cha mfuko, au mkate mkavu uliovimba. Pakiwa laini, pamejaa maji, na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha na kuvu imeota.

Aliyekwama mnyime nyasi na nafaka kavu, mpe maji ya kutosha, umsugue taratibu mara kadhaa kwa siku ili bonge livunjike. Usimning'inize kichwa chini kumtapisha. Uchafu ule huingia mapafuni. Ikipita siku nzima bila kushuka, ni kazi ya daktari. Gole lililochacha hutibiwa kwa dawa ya kuvu, nistatini, wala si kwa antibiotiki. Antibiotiki huua bakteria wanaoizuia kuvu, na hali huzidi.

Chanzo chake kwetu nakijua: mahamri ya jana, mkate wa mofa, wali uliolala, na machicha ya nazi yaliyoachwa juani. Machicha yana mafuta mengi na huchacha haraka. Ukiyatoa, yawe ya nazi iliyokunwa saa hiyo, kiganja kimoja, yasiyoliwa yafagiliwe. Parachichi usimpe kabisa. Ni sumu kwa ndege. Maganda mabichi ya muhogo pia.

MAJI MATUPU NA KIU ISIYOKWISHA

Onja maji yake. Hilo tu. Lamu hutegemea maji matamu yaliyo chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na visima vingi vya mjini vimeshakuwa vya chumvichumvi, hasa kabla ya masika. Watu huvitumia kufulia na kuoshea vyombo, na ndiyo hayo hayo humiminiwa bata. Bata mkubwa ana tezi juu ya macho zinazomsaidia kutoa chumvi. Kifaranga bado hajaweza: huharisha maji, hudhoofika, hujaa maji mwilini, hufa. Mabaki ya ng'onda na papa mkavu yana madhara yale yale. Ukigundua, rudisha maji matamu kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache. Kumwachia anywe apendavyo kwa mara moja kwaweza kumvimbisha ubongo.

DAMU

Kwa vifaranga wa wiki mbili hadi saba kwenye banda lenye unyevu, shuku koksidia, vimelea wa utumbo, kwanza, ingawa bata huipata kwa nadra kuliko kuku. Dawa ni amproliamu kwenye maji, kwa kipimo cha kibandiko. Dawa hii huzuia vitamini B1, kwa hiyo vitamini hizo zipe baada ya kumaliza, zisipewe pamoja. Kisha badili matandiko yote. Dawa haitashinda tope.

Kwa bata wakubwa damu ni habari nzito. Tauni ya bata, inayosababishwa na virusi, huja na kuharisha damu, macho kukimbia mwanga, kiu, na kwa madume waliokufa uume huonekana umetoka nje. Kifo hufuata ndani ya siku 1 hadi 5. Haina tiba. Funga lango, usiuze wala kugawa bata yeyote, na upige simu kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo.

ANAKULA VIZURI, LAKINI ANAKONDA

Minyoo. Bata huipata kutoka kwa konokono, nyungunyungu na viduduvidudu vya maji yaliyotuama. Levamisoli au fenbendazoli ndizo zinazofaa kwa aina nyingi. Piperazini huondoa minyoo mikubwa ya mviringo tu, na wauzaji wengi hukupa hiyo. Ukiweza, peleka kinyesi kikapimwe kwanza.

ANAJIKAMUA, HATOI KITU

Akiwa jike anayetaga, huenda hajafunga choo: yai limekwama. Husimama wima mno, mkia ukipanda na kushuka. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha mweke mahali penye giza. Asipotaga siku hiyo, daktari. Baadaye muwekee magamba ya chaza yaliyosagwa katika chombo chake, ajichukulie.

VIFARANGA WANAKUFA MMOJA BAADA YA MWINGINE

Vifaranga wa chini ya wiki 6 wanaoanguka ghafla, wakapiga miguu na kufa kichwa kimepinda nyuma, huenda wana homa ya ini ya virusi. Lakini kabla ya hapo fungua gunia.

Sumukuvu ni adui mkubwa wa kifaranga wa bata. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na katika kuitafuta sumu hiyo wanasayansi walitumia vifaranga wa bata wa siku moja kama kipimo, kwa sababu hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Kwetu Kenya, mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yalilaza watu 317 na kuua 125 katika maeneo ya mashariki. Mahindi ambayo mwenye nyumba ameyakataa, yakaitwa "ya bata", ndiyo hayo. Kupika hakuiondoi.

Tia mkono hadi chini ya gunia, si juu tu. Pakiwa na joto au unyevu, punje zikashikana mabonge, kukawa na vumbi la kijivu au kijani na harufu ya ukungu, tupa gunia zima. Najua bei yake na bado nasema tupa. Dalili kwa bata ni kudumaa, kutokula, kuharisha, manyoya kutoota vizuri, na ini kuharibika. Tiba hakuna zaidi ya kuondoa chakula hicho na kumpa kizuri chenye protini na vitamini. Gunia jipya liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, kwani kuta zetu za mawe hutoa unyevu mwaka mzima. Nunua la wiki chache tu.

KUHUSU DAWA

Oksitetrasaiklini ndiyo inayouzwa zaidi. Ina faida yake kwa maambukizi ya bakteria, lakini hushikwa na kalisi, kwa hiyo ondoa magamba ya chaza siku za dozi. Maliza dozi. Mayai yasiliwe hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite, hata kama ni bata wa kipenzi na mayai ni ya watoto wa nyumbani.

Onyo moja linaihusu Lamu kuliko kwingine. Baadhi ya vyakula vya kuku huwa vimechanganywa na monensini au salinomaisini za kuzuia koksidia. Hizo si nzuri kwa bata, na kwa punda ni sumu ya kuua. Punda akipita uchochoroni na kukuta chombo cha bata wako kiko wazi, utamtia jirani hasara kubwa. Soma kibandiko, na funika chombo.

Na mikono. Bata huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Watoto wadogo wasimbusu wala kumlisha kwa mdomo, na anayesafisha banda anawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

WAKATI WA KUMWITA DAKTARI

Usingoje kesho ukiona damu, shingo iliyolegea, bata asiyekula siku nzima, au wawili waliougua pamoja. Punda wa Lamu wamekuwa na zahanati yao tangu 1987. Bata hawana, kwa hiyo utategemea ofisi ya mifugo ya kaunti, na huenda ukalazimika kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara. Ukipiga simu uwe na majibu tayari: umri, anataga au la, alikula nini na alitembea wapi siku tatu zilizopita, dawa gani ameshapewa. Piga picha ya kinyesi kikiwa kibichi, juu ya karatasi nyeupe.

Wakifa wengi kwa ghafla, pamoja na ndege wa mwituni au kuku wa mtaa, toa taarifa kabla ya kuzika. Homa ya ndege huanza hivyo. Bata aliyekufa anayetakiwa kupimwa usimgandishe. Vaa glavu au mifuko mikononi, mloweshe kwa maji ya sabuni ili apoe upesi na manyoya yasipeperuke, mtie kwenye mifuko miwili, kisha umweke ndani ya kasha lenye barafu. Maabara ya uchunguzi wa mifugo ya ukanda wa pwani iko Mariakani, na ni safari ndefu. Panga na daktari gari na barafu kabla hujafunga kasha, na utume pamoja naye kiganja cha chakula alichokula mwisho, kwenye mfuko wake wa peke yake.